Maneromango: Usharika wa karne ya 19 uliobaki mikononi mwa walimu

MKAZI wa Dar es Salaam anapotaja makanisa makongwe ya Kilutheri, jambo la kwanza linalomjia akilini ni jengo la Azania Front, linalotazama bandari. Ni wachache wanaofahamu kuwa ujenzi wa jengo hilo ulipoanza mwishoni mwa karne ya 19, tayari kulikuwa na kituo cha misheni ya Kilutheri Maneromango, kusini mwa mji wa Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani wa sasa.

Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1895. Tangu wakati huo usharika wake umepita katika vita kadhaa, umeachwa na wamisionari mara mbili, na umeishi katikati ya jamii ambayo sehemu yake kubwa ni Waislamu. Jinsi ulivyodumu ni habari inayoeleza mengi kuhusu Uzaramo na kuhusu Ukristo wa ukanda wa Pwani kwa ujumla.

Wamisionari na wakoloni

Chimbuko la Maneromango liko Berlin. Mwaka 1886 iliundwa huko jumuiya ya misheni kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waanzilishi wake walikuwa watu wa karibu na harakati za ukoloni, akiwamo Carl Peters, aliyejulikana kwa mikataba yake ya hila na machifu wa bara. Mmisionari wao, Johann Jakob Greiner, alifika Dar es Salaam mwaka 1887.

Huo haukuwa wakati wa amani. Mwaka 1888 Wapwani waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Abushiri. Januari 1889 kituo cha Wakatoliki wa Shirika la Wabenediktini kule Pugu kilivamiwa, baadhi ya wamisionari wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Kwa wenyeji wengi, misheni na dola ya kigeni vilikuwa kitu kimoja.

Baada ya vita hivyo kuzimwa, Walutheri walisogea bara. Walifungua kituo cha Kisarawe mwaka 1892, na miaka mitatu baadaye kile cha Maneromango. Mwaka 1903 vituo vyote vya Uzaramo vilikabidhiwa kwa Misheni ya Berlin, ambayo tayari ilikuwa ikifanya kazi katika nyanda za juu za kusini.

Wakristo wa kwanza

Baadhi ya watu wa mwanzo katika misheni hizo hawakuwa Wazaramo kwa asili. Walikuwa watumwa waliokombolewa. Majahazi ya biashara hiyo yalipokamatwa, baadhi ya waliookolewa, hasa watoto, walikabidhiwa kwa wamisionari. Kisarawe palikuwa na makazi ya watu wa aina hiyo. Kwa mtu aliyekatwa na ukoo wake, usharika ulikuwa ndugu, shamba na ulinzi kwa pamoja.

Kwa Mzaramo mwenye ukoo wake mambo yalikuwa tofauti. Kubatizwa kuliweza kumtenga na matambiko ya mizimu, ngoma na desturi za kumtunza mwali, yaani binti aliyevunja ungo na kuwekwa ndani hadi siku ya kutolewa. Wamisionari waliziona desturi nyingi za namna hiyo kuwa ni upagani. Mzazi alipaswa kuchagua kati ya mafundisho mapya na heshima ya binti yake mbele ya wajomba na shangazi. Si ajabu kwamba waliojiunga walikuwa wachache.

Hata hivyo, wamisionari walilazimika kujifunza kutoka kwa wenyeji. Mmoja wao, A. Worms, alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kizaramo mwaka 1897. Lakini lugha iliyotawala katika usharika haikuwa Kizaramo. Ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichowaunganisha Wazaramo na watu waliotoka mbali.

Pamba na Maji Maji

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1905. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilikuwa imewalazimisha wananchi wa kusini mwa Pwani kulima mashamba ya pamoja ya pamba chini ya majumbe. Malipo yalikuwa duni mno, senti 35 kwa mtu katika msimu wa mwanzo, na wapo waliokataa kuyapokea.

Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi Julai 1905 viliingia Uzaramo muda mfupi baadaye. Kiongozi aliyejulikana zaidi huko alikuwa Jumbe Kibasila wa Kisangire, ambaye alikamatwa na kunyongwa. Jina lake wakazi wa Dar es Salaam wanalisikia kila siku kupitia Shule ya Sekondari Kibasila ya Temeke.

Baada ya vita, imani iliyoenea kwa kasi zaidi Uzaramo haikuwa Ukristo. Ilikuwa Uislamu. Martin Klamroth, aliyekuwa kiongozi wa Misheni ya Berlin mjini Dar es Salaam, aliandika kwa wasiwasi juu ya kuenea huko. Sababu haziko mbali. Uislamu uliletwa na walimu Waafrika na Waswahili waliokula na kuoa pamoja na wanavijiji, wakati Ukristo ulikuja na Mzungu yule yule ambaye serikali yake ilidai kodi na pamba.

Wajerumani waondoka

Kilichouokoa usharika ni kwamba nao ulikuwa na walimu wake Waafrika. Hawa ndio waliofundisha kusoma, kuongoza sala na kuzika wafu katika vijiji ambavyo mmisionari hakuvifikia ila mara chache. Mmoja wa walimu wa Kilutheri wa zama hizo, Martin Ganisya, aliandika katika gazeti la misheni la Pwani na Bara, lililoanzishwa mwaka 1910, juu ya umoja wa Wakristo wa makabila mbalimbali waliokusanywa na Kiswahili mjini Dar es Salaam.

Maneno hayo yalipimwa muda si mrefu. Vita Kuu ya Kwanza ilizuka mwaka 1914, Waingereza wakaitwaa Dar es Salaam Septemba 1916, na hatimaye wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925. Katika kipindi hicho walimu Waafrika, Ganisya akiwa miongoni mwa waliotangulia, ndio walioshika kazi. Hali hiyo ilijirudia Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939 na Wajerumani wakawekwa kizuizini.

Kwa hiyo, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, Kanisa la Uzaramo-Uluguru likiwa mojawapo, uongozi wa wenyeji haukuwa jambo jipya. Leo eneo hilo limo katika Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Madhehebu mengine yaliyokuja baadaye, kama Wabaptisti kutoka Marekani walioanza kazi nchini mwaka 1956, yalikuta njia imeshachongwa na walimu wa aina hiyo.

Shule na majirani

Jambo moja liliacha kovu. Katika sehemu nyingi za Pwani, elimu ilishikwa na misheni, na wazazi wengi Waislamu walihofia kuwa mtoto akipelekwa shule atabatizwa. Wengine wakambakiza nyumbani au chuoni. Matokeo yake yalionekana baada ya uhuru, waliosoma walipogawana kazi za ofisini. Serikali ilizitaifisha shule za mashirika ya dini baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, hatua iliyolenga kuwafungulia watoto wote mlango mmoja.

Hata hivyo, historia hiyo haikuwagawa watu wa Uzaramo katika kambi mbili. Ukoo mmoja huwa na Waislamu na Wakristo, na msiba ukitokea, wote hukaa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja akiomba kwa dini yake. Usharika wa Maneromango haukuwahi kuwa na umati kama ule wa Kilimanjaro au Bukoba. Uliendelea kwa sababu watu wake walikuwa majirani wa wenzao kabla ya kuwa waumini wa misheni, na walibaki hivyo hata wageni walioianzisha walipopanda meli kurudi kwao.