Mukono Usionyooka

Kijana, walimu wa golfu wanasemaka hivi: kama unapiga kwa kuume, mukono wa kushoto ubaki umenyooka. Lakini usikilize habari ya Calvin Peete, mutu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1943. Akiwa mutoto alianguka toka juu ya muti, kiwiko cha kushoto kikavunjika. Mukono haukunyooka tena kamwe.

Alianza golfu na miaka 23, mutu mzima tayari, mwenye kuuza vitu kwa vibarua wa mashamba. Mukono ulibaki umepindika. Akajifunza kupiga vilevile, kwa kipimo, bila haraka. Mupira wake haukufika mbali kama wa wenye nguvu, lakini ulikwenda sawasawa! Toka 1981 mpaka 1990, kila mwaka, ni yeye aliyepita wachezaji wote wa PGA Tour kwa kuweka mupira wa kwanza ndani ya njia. Na mashindano yao alishinda 12.

Na weye mwenye mguu mufupi ao bega gumu? Tafuta kwanza namna ya kusimama bila kuyumba, kisha inua fimbo pole mpaka pale mwili unakataa. Mwalimu akisema «nyoosha», umuonyeshe pale kiungo chako kinafika.