Nani Aliyesema Ubongo Una Jinsia?

Katika mashamba ya chai ya Assam na Sri Lanka, kuchuma majani ni kazi ya wanawake. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba vidole vyao ni vyepesi, na wana subira ambayo mwanamume hakujaliwa. Sasa njoo Kericho. Tangu makampuni ya Waingereza yaanze kupanda chai hapa miaka ya 1920, wanaume wengi wamejaza vikapu, wakiwemo vibarua waliotoka Nyanza na Magharibi, na hadi leo wanaume na wanawake huchuma katika shamba moja. Mchai ni uleule, na kinachotakiwa ni kilekile: majani mawili na kichipukizi. Wepesi huo wa vidole, mwanamume wa Kericho aliupata wapi?

Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyompa Cordelia Fine sifa, pamoja na wapinzani wengi. Mwanasaikolojia huyu alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1975, akakulia Marekani na Uskoti, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Anasimulia kwamba alichokozwa na kitabu alichokuwa akikisoma mwalimu wa chekechea wa mwanawe. Kitabu hicho kilidai kuwa ubongo wa mtoto wa kiume hauwezi kuunganisha hisia na maneno. Fine hakubishana. Alienda kuzisoma tafiti zenyewe zilizotajwa humo, akakuta hazisemi yale yaliyodaiwa. Mwaka 2010 akatoa kitabu chake, Delusions of Gender.

Hoja yake si kwamba wanaume na wanawake hawatofautiani kabisa. Anachokataa ni haraka ya kuruka kutoka picha ya ubongo hadi kwenye hukumu: eneo fulani limeng'aa zaidi kwa wanaume, basi wanaume wamezaliwa wahandisi. Tafiti nyingi za namna hiyo zilipima watu wachache mno, na zilizokosa tofauti mara nyingi hazikutangazwa. Fine anakumbusha pia kisa cha mwaka 2009, ambapo watafiti wa Marekani waliingiza samaki mfu katika mashine ya kupiga picha za ubongo. Kwa kuwa hesabu zao hazikusahihishwa ipasavyo, matokeo yalionyesha kwamba marehemu huyo alikuwa akifikiri.

Mwaka 2017 alitoa Testosterone Rex, kilichoshinda tuzo ya vitabu vya sayansi ya Royal Society ya Uingereza. Safari hii alishika simulizi ya zamani zaidi: kwamba dume huumbwa kutafuta majike wengi na kushindana, na jike huumbwa kuchagua na kutulia. Simulizi hiyo iliegemea sana majaribio ya Angus Bateman juu ya inzi wa matunda, yaliyochapishwa mwaka 1948. Patricia Gowaty na wenzake walipoyarudia mwaka 2012 waligundua kasoro kubwa katika njia aliyotumia kuhesabu watoto wa inzi hao.

Hapa ndipo msomaji wa Longisa anapaswa kuvuta kiti. Ukitoka mji huo wenye hospitali ya rufaa ya kaunti ya Bomet, ukavuka hadi upande wa Sotik, utafika Abosi. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder aliishi na Wakipsigis akihesabu ng'ombe wa mahari, ekari na watoto. Alikuta kwamba wanaume wenye ardhi kubwa walioa wake wengi na kupata watoto wengi, na kwamba wanawake walielekea kuolewa na wale wenye ardhi ya kutosha. Bateman angefurahi. Fine asingefurahi sana.

Lakini mtafiti huyohuyo alikwenda pia kwa Wapimbwe, magharibi mwa Tanzania, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yaligeuza kibao. Wanawake walioolewa zaidi ya mara moja ndio waliokuwa na watoto wengi zaidi waliosalimika, huku wanaume walioachana na kuoa tena na tena wakikosa faida hiyo. Kati ya Abosi na Mpimbwe homoni hazikubadilika. Kilichobadilika ni mali. Abosi, ardhi na ng'ombe vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mpimbwe hapakuwa na mali kubwa ya kurithishana, na talaka zilikuwa rahisi.

Kwa watoto, ushahidi wa nyanda hizi za Wakipsigis ni mtamu zaidi. Charles Super na Sara Harkness walifanya kazi katika kijiji cha Wakipsigis cha Kokwet kuanzia mwaka 1972. Waliona kwamba watoto wachanga wa huko walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini hawakutangulia kutambaa. Sababu ni kwamba mama Mkipsigis humfundisha mtoto kukaa na kutembea, wala hana haja ya kumfundisha kutambaa. Waligundua pia kwamba wavulana na wasichana wadogo walicheza pamoja kwa muda mrefu, wakaanza kujitenga baada ya miaka sita hivi, ilhali watoto wa Marekani hutengana mapema zaidi. Kokwet, mtoto mdogo alicheza na ndugu zake waliokuwa karibu, awe nani awe nani.

Kisa ninachokipenda mimi kinatoka Oyugis, ng'ambo ya Kisii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Carol Ember aliwafuatilia wavulana Waluo ambao nyumbani kwao hapakuwa na binti mkubwa. Wao ndio walioteka maji, wakapika na kulea mtoto. Ember alikuta kwamba wavulana waliopewa kazi za ndani hawakuwa wakorofi kama wenzao, na mwenendo wao ulikaribia ule wa wasichana, hata walipokuwa hawazifanyi kazi hizo. Hakuna aliyewapasua vichwa kuwabadilisha. Walikabidhiwa chungu na mtoto.

Darasani mambo ni yayo hayo. Katika vipimo vya darasa la sita vya mwaka 2007 vya SACMEQ, mpango unaolinganisha elimu katika nchi za Kusini na Mashariki mwa Afrika, wavulana wa Kenya na Tanzania waliwatangulia wasichana katika hisabati. Ushelisheli, wasichana ndio waliotangulia.

Haki itendeke: si kila analolishikilia Fine limesimama. Simon Baron-Cohen wa Cambridge amemlaumu kwa kupuuza nafasi ya homoni kabla ya kuzaliwa. Wazo kwamba msichana hufeli hesabu kwa sababu amekumbushwa tu kuwa ni msichana, ambalo Fine alilitegemea, limeyumba katika majaribio makubwa ya baadaye. Ubongo wa mwanamume pia ni mkubwa kidogo kwa wastani, kama mwili wake. Hata hivyo, Daphna Joel na wenzake walipochunguza picha za ubongo zaidi ya 1,400 mwaka 2015, walikuta kwamba wengi wetu tuna mchanganyiko wa sifa, na wachache mno wana ubongo ulio wa "kiume" au wa "kike" kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Takriban kazi zote nilizozitaja kutoka Magharibi mwa Kenya zilifanywa na wageni, na nyingi zina umri wa miaka 40 au zaidi. Tangu hapo shule zimeongezeka, ardhi imegawanywa vipande, na mwaka 2017 wapiga kura wa Bomet walimchagua Joyce Laboso, mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko Kericho na Bomet ina chuo chake. Wanafunzi wao wa saikolojia na elimu wairudie kazi ya Ember hapa Longisa: wahesabu nani huteka maji jioni na nani hupata muda wa kufungua daftari, kisha ndipo watuambie habari za ubongo.