Iktiosi ya kromosomu X

Iktiosi ya kromosomu X ni ugonjwa wa ngozi wa kurithi unaosababishwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa steroidi salfatasi. Ngozi ya mgonjwa huwa kavu na yenye magamba. Karibu wagonjwa wote ni wa kiume; hukadiriwa kuwa humpata mmoja kati ya wanaume 2,000 hadi 6,000. Ugonjwa huu hauambukizi wala hautokani na uchafu.

Jina "iktiosi" linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "samaki".

Sababu

Seli zilizokufa za tabaka la juu la ngozi hushikana kwa muda, kisha vimeng'enya vya kuvunja protini hukata viungo vyake, nazo hubanduka kidogokidogo bila kuonekana. Steroidi salfatasi husaidia kazi hiyo kwa kuondoa salfeti kwenye kolesteroli salfeti. Ikikosekana, kolesteroli salfeti hulundikana na kuzuia ukataji huo. Seli hubaki zimeshikamana, na hatimaye hutoka kwa mafungu kama magamba.

Jeni ya kimeng'enya hiki, iitwayo STS, iko karibu na ncha ya mkono mfupi wa kromosomu X. Kwa takriban 90% ya wagonjwa, jeni yote imepotea. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, hivyo hana jeni nyingine ya kufidia. Mwanamke mwenye jeni moja yenye kasoro kwa kawaida haugui, lakini kila mtoto wake wa kiume ana uwezekano wa 50% wa kuupata. Baba mgonjwa huwarithisha binti zake wote jeni hiyo, lakini si wanawe wa kiume.

Dalili

Magamba huanza katika miezi ya kwanza ya maisha. Baadaye huwa makubwa na ya rangi ya kahawia, hasa miguuni, kiwiliwilini na shingoni. Viganja na nyayo huwa salama. Baadhi ya wagonjwa huwa na madoa kwenye konea ya jicho yasiyodhuru uwezo wa kuona, na baadhi ya wavulana huwa na korodani ambazo hazijashuka.

Utambuzi

Kutazama ngozi pekee hakutoshi, kwa kuwa ugonjwa huu hufanana na iktiosi ya kawaida, inayotokana na kasoro ya jeni ya protini ya filagrini. Katika iktiosi ya kawaida magamba ni madogo na meupe, na mistari ya viganja huongezeka. Daktari huuliza pia kama wajomba au babu mzaa mama walikuwa na ngozi ya namna hiyo.

Uthibitisho hupatikana kwa kupima utendaji wa steroidi salfatasi katika seli nyeupe za damu, au kwa kupima jeni. Kipimo cha jeni huonyesha pia kama jeni jirani zimepotea. Zikiwa zimepotea, mtoto anaweza kuwa na matatizo mengine, kama vile kutosikia harufu na kuchelewa kubalehe.

Wakati mwingine dalili ya kwanza huonekana kabla ya kuzaliwa. Kondo la nyuma huhitaji kimeng'enya hiki ili kutengeneza homoni ya estrioli. Kikikosekana, estrioli katika damu ya mama hushuka sana. Kiwango hicho huweza pia kuashiria kifo cha mimba au maradhi mazito ya mtoto, kwa hiyo vipimo zaidi huhitajika. Ikiwa upungufu huu ndio sababu pekee, mtoto kwa kawaida huwa mzima, ila uchungu wa kuzaa unaweza kuchelewa au kurefuka. Kwa sababu hiyo wakunga na madaktari wanapaswa kujulishwa mapema.

Matibabu

Hakuna tiba ya kurudisha kimeng'enya hiki. Ngozi hulainishwa kwa mafuta ya kupaka baada ya kuoga, na krimu zenye urea au asidi ya laktiki husaidia kupunguza magamba. Wavulana hukaguliwa korodani mapema, kwa sababu korodani zisiposhuka huongeza hatari ya utasa na saratani. Familia hupewa ushauri kuhusu urithi. Wagonjwa wengi huishi umri wa kawaida.