Kasuku Anataka Kazi

Kasuku mmoja wa kijivu aliletwa kliniki kifua kitupu, kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Kichwani manyoya yake yalikuwa kamili, yamelala vizuri. Tabibu wa ndege akiona hivyo hupata jibu mapema, kwa kuwa kichwani ndipo mahali ambapo mdomo wa kasuku haufiki. Ndege huyu alikuwa anajinyonyoa mwenyewe.

Tulitafuta wadudu, tukapima damu, hatukupata kitu. Nikamwomba mama mwenye ndege alipige picha tundu. Lilikuwa safi, linang'aa. Ndani mlikuwa na kijiti kimoja cha plastiki, kikombe cha maji na bakuli la alizeti lililojaa pomoni. Mama yule anampenda sana ndege wake, na alishtuka nilipomwambia kwamba shida inaanzia kwenye lile bakuli.

Kasuku kijivu ni ndege wa misitu, kutoka Afrika Magharibi hadi Kongo, Uganda na magharibi mwa Kenya. Amenaswa mno kwa ajili ya kufugwa, hata mkataba wa CITES ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa porini kuanzia 2017. Huko kwao huamka alfajiri, akaruka mwendo mrefu na kundi lake kutafuta matunda ya mchikichi na mbegu, akapasua, akamenya, akaonja, akatupa. Akili yake imeumbwa kwa shughuli hiyo. Kasuku kijivu aitwaye Alex, aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg huko Marekani tangu 1977 hadi alipokufa 2007, alitaja rangi na maumbo na kuhesabu hadi sita. Ndege wa akili hiyo ukimjazia bakuli, hushiba upesi, na mchana wote uliobaki hana la kufanya ila kushughulikia manyoya yake.

Kwa hiyo mfichie chakula. Chukua kifuu cha nazi, kitoboe, kining'inize. Tia ndani vipande vya karoti, mchicha na mbegu za maboga, kisha ziba mdomo wa kifuu kwa ukili mkavu uliokunjwakunjwa. Siku za mwanzo acha sehemu ya chakula ionekane, maana kasuku aliyezoea kuletewa hajui kwamba chakula hutafutwa, na anaweza kukaa na njaa mbele ya kifuu kilichojaa. Akishaelewa, zidisha ugumu kidogo kidogo. Gunzi la hindi nalo linafaa, mbegu zichomekwe kwenye vishimo vyake. Utachafuka ubao wote wa chini. Tandika gazeti, ukunje jioni.

Kijiti cha plastiki kitupe. Unene wake ni ule ule, ule ule, kwa hiyo wayo unabanwa mahali pamoja kutwa kucha, ngozi inachubuka, kidonda kinatunga usaha. Kata matawi ya mpera, mengine membamba kama kidole gumba, mengine manene zaidi, uyaoshe na kuyakausha juani. Gome liache, atalibandua mwenyewe, na hiyo nayo ni kazi. Usikate mparachichi, mbono wala mnyaa, kwani miti hiyo ina sumu. Tawi lisipite juu ya chakula au maji, yatajaa kinyesi.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni kwamba kasuku kijivu ni mwoga wa vitu vigeni. Mtu anatundika kengele mpya usiku kwa nia njema, asubuhi anamkuta ndege amejibana pembeni anahema. Kiweke kitu kipya nje ya tundu, mbali kidogo, ukichezee wewe huku anakutazama. Kesho kisogeze. Wengine huchukua wiki mbili kabla ya kukigusa, na hapana dawa ya kuwaharakisha.

Tundu lenyewe liwe na nafasi ya kukunjua mabawa yote mawili: upana wa sentimita 90 na kina cha 60 ndicho kiwango cha chini ninachokubali. Epuka waya wa mabati, maana anautafuna na zinki humdhuru. Usifukize udi wala dawa ya mbu karibu naye, mapafu yake hayahimili moshi.

Mama yule alibadilisha kila kitu katika muda wa mwezi mmoja. Kasuku wake sasa anahangaika na kifuu tangu asubuhi, na manyoya laini yamefunika sehemu kubwa ya kifua. Pande mbili chini ya shingo hazijaota, na sidhani zitaota, kwa kuwa unyoya uking'olewa mara nyingi mahali pamoja shina lake hufa. Ukiokota unyoya wenye alama ya kutafunwa chini ya tundu, usingoje wa pili.