Majina ya Kiswahili katika Filamu ya Simba na Mwendelezo Wake

Katika filamu ya The Lion King (1994) jina lenyewe ni mzaha. Mtazamaji wa Moshi asikiapo ngiri akiitwa Pumbaa, hutambua kitenzi kupumbaa, naye aweza kucheka kabla mnyama hajatenda neno. Fisi Shenzi, aliyekosa kiambishi m-, humkumbusha tusi la mitaani.

Mwendelezo wa mwaka 2004, ulio kichekesho hasa, uliuzwa katika nchi nyingine kwa jina la The Lion King 3: Hakuna Matata. Pumbaa na Shenzi wamo bado. Lakini wahusika wapya, mama yake Timon na Mjomba Max, hawakupewa majina ya Kiswahili. Lugha iliyozaa kicheko imekuwa pambo la jalada, kama vile mgeni apandaye Kilimanjaro aambiwavyo “hakuna matata”, hali wenyeji huambiana “hamna shida”.