Nomino Moja, Visawe Vingi: Neno la Kiingereza "Time" katika Tafsiri ya Kihispania

1.0 Utangulizi

Mfasiri wa Kiswahili anayeshughulikia Kihispania aghalabu hupitia Kiingereza, ama kwa kuwa matini chanzi imeandikwa kwa lugha hiyo, ama kwa kuwa kamusi aliyo nayo ni ya Kiingereza na Kihispania. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nomino ya Kiingereza yenye maana nyingi haitafutiwi kisawe cha neno, bali kisawe cha matumizi yake katika muktadha. Mfano mkuu ni nomino "time".

2.0 Mgawanyo wa Maana

Kihispania kimezigawa maana za nomino hii baina ya maneno kadhaa. "Tiempo" ni wakati kwa jumla, au muda unaopita. "Hora" ni saa. "Vez" ni mara. Na "época" ni zama. Hivyo, anayesema "no tengo tiempo" hana nafasi, anayeuliza "¿qué hora es?" anataka kujua ni saa ngapi, na jambo lililotukia "dos veces" limetukia mara mbili.

Ni dhahiri kuwa mgawanyo huu unakaribiana sana na ule wa Kiswahili. Kwa hiyo, mfasiri akiifafanua kwanza sentensi ya Kiingereza kwa Kiswahili, sehemu kubwa ya utata huondoka kabla hajafungua kamusi.

Suala hili si la ufasaha tu. Tuchukue maelezo ya dawa inayonywewa mara tatu kwa siku. Kihispania sahihi ni "tres veces al día". Mfasiri akiteua "tres horas al día", atakuwa amesema "saa tatu kwa siku". Akijaribu kuirekebisha kauli hiyo kwa kuandika "cada tres horas", yaani kila baada ya saa tatu, mgonjwa atakunywa dawa mara nane kwa siku badala ya mara tatu.

3.0 Mipaka ya Kigezo cha Kiswahili

Hata hivyo, Kiswahili si kipimo kamili. Neno "saa" nalo lina maana zaidi ya moja: saa ya kuhesabu muda ni "hora", lakini saa ya mkononi au ya ukutani ni "reloj". Kwa upande mwingine, "tiempo" humaanisha pia hali ya hewa.

Yapo pia maneno ambayo Kiswahili na Kiingereza havitofautishi, ilhali Kihispania hutofautisha. Sikio la nje ni "oreja", lakini sikio la ndani, pamoja na uwezo wa kusikia, ni "oído". Vilevile, samaki aliye majini ni "pez", na aliyevuliwa ili aliwe ni "pescado", neno linalotokana na kitenzi "pescar", yaani kuvua. Hapa kufafanua kwa Kiswahili hakutoshi. Ni lazima mfasiri aulize ni sikio lipi na samaki yupi.

Ferdinand de Saussure, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, alieleza kuwa neno la Kifaransa "mouton" humtaja kondoo na nyama yake pia, ilhali Kiingereza kina maneno mawili. Kwa mtazamo huo, thamani ya neno hutegemea maneno yanayopakana nalo. "Pez" lina mipaka yake kwa sababu "pescado" lipo kando yake. "Samaki" halina jirani wa namna hiyo.

4.0 Hitimisho

Tumeona kwamba uteuzi wa kisawe unahitaji hatua mbili: kwanza, kuifafanua maana ya nomino ya Kiingereza katika muktadha wake, pili, kuchunguza namna Kihispania chenyewe kinavyougawa uwanja huo wa maana. Kwa mtungaji wa kamusi ya Kiswahili na Kihispania, funzo ni kwamba kazi hiyo haipaswi kupitia Kiingereza. Akipitia huko, atapoteza tofauti kama ile ya "mara" na "saa", ambayo lugha zote mbili tayari zinayo.