Kitambaa Hushikwa Kwanza: Asili ya Umaridadi wa Mombasa

Tunapozungumzia mavazi ya Pwani huku ughaibuni, aghalabu tunaanza na rangi na maneno ya leso. Mombasa kwenyewe mambo huanzia mkononi. Toka eneo la Mwembe Tayari utembee hadi maduka ya leso ya Biashara Street, umtazame mama anayechagua. Atashika pembe ya leso aisugue kwa vidole, kisha aifumbate na kuiachia. Vidole vikitoka na unga mweupe, anajua ugumu ule ni wa wanga, si wa uzi, na kwamba leso ikishafuliwa itakuwa nyepesi kama shashi.

Ujuzi huu una historia ndefu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta vitambaa vinavyofumwa mjini humo vikisafirishwa hadi Misri. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba Waislamu wa Sofala walikuwa wakifumua nguo za rangi zilizotoka Cambay, Gujarati, kisha wakifuma upya nyuzi hizo pamoja na uzi wao mweupe wa pamba. Nguo iliyokwisha kutengenezwa ng'ambo, kwao ilikuwa malighafi tu.

Karne ya 19 ikaleta merikani, pamba nzito isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Waingereza waliiga, lakini wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakudanganyika kirahisi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyokata mzigo, na baadaye nguo za Bombay zikashika soko.

Leso ilizuka mwishoni mwa karne hiyo, wanawake walipoanza kuunganisha vitambaa vya mkono kuwa nguo moja pana. Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa mwaka 1887, na leso zake hadi leo zajulikana kwa jina la Mali ya Abdulla. Leso ni pamba nyepesi iliyopigwa chapa, yenye urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110. Wepesi huo ndio unaoiwezesha kufungwa kiunoni, kutandwa kichwani na kumbebea mtoto.

Kikoi ni habari nyingine. Rangi zake zimo ndani ya uzi wenyewe, kwa hiyo pande zote mbili zinafanana, na nyuzi za mtande husokotwa miishoni kuwa matamvua. Ni kizito kuliko leso, nacho huanguka wima kinapovaliwa.

Ila mtihani halisi wa umaridadi ni vazi la rangi moja. Mtazame mzee wa Mji wa Kale siku ya Ijumaa: kanzu nyeupe, kofia nyeupe. Kanzu ni laini, inateremka bila kukatika. Kofia imetiwa wanga ikasimama, na vitobo vyake vilivyozungushiwa uzi vinaipa vivuli vidogo vidogo. Weupe ni mmoja, lakini jicho halichoki. Buibui nalo ni hivyo hivyo: krepu isiyong'aa, na ukingo wa mkono uliotariziwa kwa uzi unaong'aa, yote kwa weusi uleule.

Kwetu sisi tunaovaa makoti ya sufu nusu mwaka, kanuni hiyo inatufaa sana. Sufu ni nzito na yenye manyoya. Iwekee leso ya pamba shingoni, na kila kimoja kitampendezesha mwenzake. Shati la kitani lapendeza na kikoi, maana vyote viwili vina uzi unaoonekana, lakini dera la shifoni litakaa vizuri zaidi chini ya abaya isiyong'aa. Kinachong'aa kiwe kimoja, vingine vitulie. Na kabla ya kumpa fundi leso mpya, ifue kwanza: wanga utoke, pamba isinyae, ndipo ukate. Ukishona kabla ya hapo, gauni lililokutosha dukani kwa fundi litakubana baada ya dobi.

Kwa hiyo mara nyingine ukiagiza nguo nyumbani, usiridhike na picha ya simu. Mwambie dada au shangazi aliyeko dukani aishike kwanza, aifumbate, akueleze ni nzito au nyepesi, inateleza au inakwaruza. Rangi utaiona mwenyewe pichani. Hilo jingine lahitaji mkono wa mtu anayejua.